Bahari Niliyomwahidi Mke Wangu

Mwalimu alipokuja nyumbani kwangu mara ya tatu ndani ya wiki moja, ramani imekunjwa kwapani, nilitoka nje nikaanza kupasua kuni. Kuni zilikuwepo. Zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa ukutani mpaka karibu na mabati. Basi nikachukua gogo la mti wa blugamu ambalo watu hukalia wakija kututembelea, nikalipasua hilo, chini kabisa ya dirisha la sebule, ili kila akisema "Malindi" ndani, shoka liitikie nje.

Sifichi. Ulikuwa wivu. Nina wajukuu watano na goti moja bovu, na bado ulinishika kama kijana. Watu husema wivu ni kidonda. Waliosema hivyo hawakutaja kwamba mwenye kidonda hukikuna mwenyewe kutwa nzima.

Huyo mwalimu ni jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, mstaafu, mjane. Alifundisha historia na jiografia kwenye sekondari moja upande wa Longisa mpaka akachoka. Ni mtu mpole, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na akizungumza na mwanamke anaivua. Mimi sivui kofia. Mke wangu aliwahi kuniambia hivyo mwaka huu, tukiwa tumeoana karne nzima, kana kwamba ameligundua jana.

Alikuwa anakuja kwa ajili ya safari ya akina mama. Mke wangu yuko katika kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaochumiana majani chai kwa zamu. Leo wote wako shamba la huyu, kesho shamba la yule, na ukipita barabara ya Silibwet asubuhi unawasikia wakicheka kabla hujawaona. Wengi wao walianza wakiwa maharusi, vikapu vikiwa vikubwa kuliko migongo yao. Kila mwaka bonasi ya majani ikitoka wanajinunulia kitu cha pamoja: mwaka mmoja masufuria, mwaka mmoja mablanketi. Mwaka huu mwenyekiti wao alisimama kwenye kituo cha kuuzia majani, wakingoja lori la kiwanda lije kupima, akasema masufuria yametosha, nyumba zimejaa masufuria, yeye anataka kuona bahari kabla macho hayajafumba. Wote wakasema na wao. Siku nne. Mombasa, ile ngome kubwa ya Wareno na Mji wa Kale, kisha kupanda pwani kwa gari la kukodi mpaka Kilifi, magofu ya Gede, Malindi, halafu kurudi kwenye baridi yetu ya Bomet.

Sasa nisikilize vizuri hapa, ndipo uelewe kwa nini niliua gogo la watu. Mimi niliendesha lori la chai miaka kumi na tisa. Kutoka kiwandani hapa juu mpaka Mombasa kwenye maghala, kwenda na kurudi. Kijijini kwetu bahari ilikuwa yangu. Mtu akitaja samaki, wananitazama mimi. Mtoto akileta kazi ya shule ya kuchora meli, anatumwa kwangu. Mpaka leo wananiita Dereva, ingawa gari la mwisho nililoshika usukani wake lilishauzwa kama vyuma.

Na kuna jambo lingine, la mimi na mke wangu peke yetu. Tukiwa bado tunachumbiana, tukirudi kanisani kwa miguu, aliniuliza bahari ikoje. Nilimwambia siwezi kuieleza, ila nitampeleka. "Utaiona ukiwa na mimi," nilisema. Hakuwahi kunikumbusha. Watoto walikuja, ng'ombe wakaja, karo ikaja, na kila mwaka nilisema mwaka ujao. Lakini moyoni sikuwahi kuachana na ile ahadi. Nilitaka kitu kimoja tu katika uzee wangu: siku mke wangu atakapoiona bahari mara ya kwanza, niwe nimesimama kando yake, niitazame sura yake. Si picha yake kwenye simu, wala hadithi yake akirudi.

Kwa hivyo waliposema Mombasa, nilinyoa ndevu. Nilijua watakuja. Nilingoja Jumatatu, Jumanne. Jumatano nikasikia wamemwomba mwalimu awapangie safari, kwa sababu aliwahi kuwapeleka wanafunzi huko mara mbili kwa basi la shule. Mara mbili. Mimi mara mia ngapi sijui, na hakuna aliyegonga mlango wangu.

"Kwani mimi nilikuwa wapi?" nilimuuliza mke wangu jioni, akichuja maziwa.

"Ulikuwa hapa."

"Na hamkuniona?"

"Mwalimu ana ramani," akasema.

Ramani. Aliichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, pwani yote kwa kalamu ya buluu, miji kwa nyekundu, na pembeni ameandika historia ya kila mji kwa mwandiko ule wao wa ubaoni. Walifanya mikutano sebuleni kwangu kwa sababu nyumba yetu iko katikati. Mke wangu alikuwa anamtilia chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye kisahani. Halafu anavaa miwani, anainama juu ya ile karatasi, kidole chake na kidole cha mwalimu vinatembea pamoja kutoka Mombasa kwenda Kilifi. Mimi kikombe changu ni cha bati. Sijawahi kulalamika juu ya kikombe cha bati maisha yangu yote, mpaka siku hiyo.

Alikuwa amebadilika. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi, yule mke mpya. Alikuwa anarudi shambani na maswali. Watu wa Gede walienda wapi, na mbona waliacha nyumba za mawe zikiwa nzima? Wareno walikuwa wangapi mle ngomeni? Maswali hayo alikuwa anamwekea mwalimu, anayaandika nyuma ya risiti za majani asije akasahau. Mimi aliniuliza kama nimewapa ng'ombe maji.

Nikaamua kujitetea. Siku iliyofuata nilibeba gunia la majani kwa pikipiki mpaka kituoni, nikakaa pale kwenye benchi ambako akina mama huchambua majani yao wakitoa yale magumu, wasije wakarudishiwa. Mwalimu naye alikuwepo, ameibandika ramani ukutani karibu na mizani. Nikaanza kutoa hadithi zangu, zile ambazo mke wangu alizijua kwa moyo: jioni za Mombasa, upepo, mchanga mweupe, na jinsi nilivyokuwa napanda juu ya ngome kunywa kahawa na walinzi.

"Na ukisimama pale juu ya ngome," nikasema, "siku ikiwa safi, unaiona Lamu."

Mwalimu alivua kofia. Huyo mtu hata akitaka kukuchinja anavua kofia kwanza.

"Lamu, mzee?"

"Lamu. Nyumba zake nyeupe kabisa."

Hakucheka. Aliinuka taratibu, akaweka kidole kwenye Mombasa, akakipandisha, kikapita Kilifi, kikapita Malindi, kikaendelea kupanda mpaka karibu ukingo wa karatasi. "Lamu iko hapa," akasema. "Ni mbali kuliko kutoka hapa tulipo mpaka Nairobi."

Wanawake walicheka hadi majani yakamwagika. Mwenyekiti alisema Dereva ana macho ya tai. Na ukweli ni kwamba lile lilikuwa kosa la mtu wa milimani. Kwetu ukipanda kilima unaona mji wa jirani. Ukiwa juu kwetu unaona mabati ya Bomet yanang'aa, na upande wa Sotik unaiona milima ya Kisii kama uzio wa jirani. Nilidhani duniani kote ukipanda juu unamwona mwenzako. Mke wangu peke yake hakucheka. Aliniangalia, akaangalia ramani, akarudi kuchambua majani. Afadhali angecheka.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofunzwa, lakini mimi nilidhani yangu ina kilomita nyingi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yangu haina adabu. Wiki ile nikaanza kutisha watu. Nilisema maji ya bahari yanarudi nyuma yakivuta mtu miguu. Nilisema joto la kule linachachusha maziwa yakiwa bado kwenye kiwele. Nilimwambia yule mdogo wao, bibi arusi wa juzi mwenye mtoto mchanga, kwamba mbu wa pwani wanapita ndani ya neti kwa sababu wanajua Kiswahili kizuri cha kubembeleza. Nilidhani atacheka. Kesho yake akajitoa kwenye safari.

Mke wangu aliniwekea chakula, ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza.

"Kama hutaki niende, sema," akaniambia. "Usitishe watoto wa watu."

"Mimi nimesema nini? Nimesema bahari ina maji."

"Umesema."

"Kwani mnafurahia nini na huyo mwalimu? Miaka yote hiyo mimi sikuwa na pwani ya kuwaonyesha?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta nambari ya nyumba gizani. "Ulikuwa nayo," akasema. Akabeba sahani.

Sasa kwa sababu ya mdomo wangu, kiti kimoja kilikuwa kimebaki wazi. Aibu ilinishika siku mbili, ya tatu nikakitaka. Nilimtuma mke wangu akaulize. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: aliyechuma ndiye atakayekwenda. Hiyo ndiyo sheria yao, na mimi sikuwahi kuinamia mche wa mtu kwa zamu. Nikasema mwalimu naye amechuma lini. Wakasema mwalimu ni wa kuonyesha njia. Nikasema mimi nimeendesha njia hiyo miaka kumi na tisa. Wakasema, ndiyo, mpaka Lamu.

Basi ikafika Jumapili ya mkutano wa mwisho, siku nne kabla ya kuondoka. Walikuja kwetu baada ya kanisa. Kulikuwa na viazi vitamu, chai, na kibuyu cha mursik ambacho mke wangu alikuwa amekihifadhi kwa siku kubwa. Nilikaa kwenye kona, kofia kichwani, nikijifanya nasoma gazeti la zamani. Mwalimu alifungua daftari akasema kabla hajafunga mpango, kila mama ataje kitu kimoja anachotaka kukiona, kimoja tu, ili mtu asirudi nyumbani akinung'unika.

Mwenyekiti alitaka meli, ile inayobeba majani yetu, aone kama inastahili ubishi wote wa mizani kule kituoni. Mwingine alitaka kuonja maji athibitishe chumvi. Mmoja alitaka Gede, asimame mlangoni pa nyumba ya mtu aliyekwenda asirudi. Kila mmoja akisema, mwalimu anaandika, anaonyesha kwenye ramani siku gani na saa ngapi. Nilikuwa nangoja zamu ya mke wangu. Nilijua atasema bahari. Nilikuwa nimejiandaa kuumia kwa neno hilo.

"Mimi," akasema, "nataka kuona mahali mzee alikuwa analala."

Nilicheka, peke yangu. Kalamu ya mwalimu ilisimama.

"Wapi?" akauliza.

"Kule Mombasa. Alikuwa anakaa siku nne, wakati mwingine wiki. Nataka kuona mahali penyewe."

Mwenyekiti alisema polepole, "Mama, achana na hayo."

"Nimeachana nayo miaka kumi na tisa," mke wangu akajibu. Hakupandisha sauti. Alikuwa anajipangusa mikono kwenye leso ijapokuwa ilikuwa mikavu. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote. "Ulikuwa ukirudi unacheka. Unaniambia mchanga, unaniambia upepo wa jioni, wanawake wa Mji wa Kale wanapita na manukato mpaka ukuta unanukia. Mimi niko hapa na watoto wanne na kikapu mgongoni. Wenzangu wakaniambia kila dereva wa chai ana nyumba mbili, moja huku na moja Mombasa. Sikukuuliza. Lakini kila ukitaja huo upepo, nilikuwa najiuliza umekaa na nani."

Wenzake wote walitazama vikombe vyao. Na mimi ndiye niliyekuwa nikipasua magogo kwa sababu ya kidole kwenye ramani.

Ningeweza kukana tu, nikasema sina nyumba kule, na ingekuwa kweli. Lakini kukana bila kueleza kungekuwa hadithi nyingine ya Dereva. Nikavua kofia. Sijui kwa nini. Nikasema yote, mwalimu akiwa pale pale na kalamu yake.

Nilisema sijawahi kuingia kwenye ile ngome. Sijui mlango wake uko wapi. Sijawahi kukanyaga mchanga wa bahari. Lori likifika Changamwe, kabla hujavuka kuingia kisiwani Mombasa, lilikuwa linapangwa foleni nje ya godauni kungoja kushusha mzigo, na dereva haruhusiwi kuliacha, kwa sababu ukizubaa magunia yanashuka yenyewe. Nilikuwa nalala kwenye kiti cha lori, miguu nje ya dirisha, na mchana joto likizidi natandika katoni chini ya tela. Mbele yangu ulikuwa ukuta wa godauni, mrefu, na mtaro wa maji machafu chini yake. Siku nne natazama ukuta. Bahari nimeiona pale Makupa tu, barabara inapovuka maji, mara chache nilipotumwa maghala ya kisiwani, nikiwa nimeshika usukani, maji pande zote mbili, na lori la nyuma linanipigia honi nisipunguze mwendo. Upepo wa jioni, mchanga, wanawake wa manukato, yote nilipewa na muuza kahawa aliyekuwa akipita kwenye foleni na birika lake. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale, anapenda kwao. Ananiuzia kahawa na kunisimulia, nami nabeba hadithi zake naleta huku juu.

"Kwa nini?" mke wangu akauliza.

"Ungeniona mtu gani?" nikasema. "Mtu anakwenda Mombasa miaka yote hiyo kuangalia ukuta?"

Mtu mmoja alikohoa. Mke wangu alikuwa ananitazama usoni, kila mahali usoni, na nikafikiri sasa yamekwisha, sasa atacheka, hata kama ni kunicheka.

"Kwa hivyo," akasema, "miaka kumi na tisa nimeonea wivu ukuta."

"Ukuta," nikasema. "Naapa, Mama. Ukuta na mtaro."

Nilijihisi mwepesi kama lori lililoshushwa mzigo. Nikataka hata kuinuka nimjazie chai yeye, kwenye kile kikombe chenye kisahani. Lakini alikuwa bado anajipangusa mikono.

"Umenidanganya na bahari nzima," akasema. "Utashindwa kunidanganya na ukuta?"

Aligeuka kwa mwalimu, akamwambia aandike: godauni ya Changamwe, na muuza kahawa, au mtu yeyote wa pale anayemkumbuka dereva wa chai kutoka Bomet, awaeleze alikuwa analala wapi. Mwenyekiti alinitazama, si kwa ubaya. Akasema kiti kile bado kiko wazi, na sheria ni sheria, lakini hakuna anayeweza kuonyesha huo ukuta isipokuwa aliyelala mbele yake. Wengine wakaitikia. Ndivyo nilivyopata kiti.

Mwalimu aliandika. Kisha akaifungua ramani tena, akaufuata kwa kidole mstari wa barabara kutoka Nairobi kushuka, mpaka karibu na buluu.

"Changamwe iko njiani," akasema. "Tutasimama hapo kwanza, kabla ya kwenda baharini."